Ndoo Hii Ilibeba Nini?



Safari hii tunawaandikia kuhusu ndoo. Yamkini wapo watakaosema kwamba Tume ya Haki na Amani imeishiwa maneno. Kwamba wakati kuna rushwa, migogoro ya ardhi na vijana wasio na kazi, sisi tumeketi kujadili ndoo ya plastiki. Tunawaomba ndugu hao watuvumilie kidogo. Haki haianzii mahakamani wala bungeni. Huanzia pale ambapo mtu mmoja anamkabidhi mwenzake kitu, naye anajua, au alipaswa kujua, jambo ambalo mwenzake halijui.

1. Tunayoyaona

Katika nyumba zetu ndoo haitupwi. Ile iliyokuja na mafuta ya kupikia huoshwa ikawa ya kutekea maji. Ikipata ufa, huhamia kazi nyingine: hubeba majivu, mchanga, mboji au chakula cha nguruwe. Kitako kikianza kuvuja, hutobolewa matundu zaidi, hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, ikaoteshwa mchicha, sukuma wiki au pilipili hoho mbele ya chumba cha kupanga ambako hakuna hata hatua moja ya shamba. Ikifungwa koki, huwa chombo cha kunawia mikono. Ikipandishwa juu ya kichanja na kuunganishwa na mipira myembamba, humwagilia bustani kwa matone wakati wa kiangazi. Mfuniko wake nao huwa sahani ya kunyweshea vifaranga.

Desturi hii haikuletwa na plastiki. Bibi zetu waliijua. Debe lililoleta mafuta ya taa lilitekewa maji, likapimiwa mahindi, na mwisho likakatwa na kunyooshwa likawa paa au mlango. Hata sado ambayo leo tunapimiwa nyanya na viazi sokoni ilianza maisha yake ikiwa ndoo ya rangi.

Tunasema wazi kwamba huo ni wema, wala hatutakubali mtu yeyote aufanyie dhihaka. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 1990, aliunganisha amani na heshima kwa viumbe vyote. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aliikemea tabia ya kutumia na kutupa, na kutumia kitu tena akakuhesabu kuwa tendo la upendo. Mama anayeotesha mchicha katika ndoo iliyopasuka amelitenda hilo tangu zamani, bila kusubiri waraka.

Lakini tuangalie upande wa pili. Nendeni katika soko lolote linalouza ndoo zilizokwisha kutumika. Ndoo ya mafuta ya kupikia imepangwa kando ya ndoo ya rangi, ya gundi ya vigae, ya dawa ya mchwa na ya kiuatilifu cha shambani. Zote zimesuguliwa, zote zinang'aa, zote zimekwanguliwa vibandiko. Mama anauliza, "Hii ni safi?" Anajibiwa, "Safi kabisa, mama, tumeosha wenyewe." Swali lililopaswa kujibiwa silo hilo. Swali ni: ndoo hii ilibeba nini?

2. Kosa letu wenyewe

Kabla ya kumnyoshea kidole mchuuzi wa sokoni, inatupasa tuungame la kwetu. Miaka michache iliyopita, katika parokia mojawapo tuliyoitumikia, tulikarabati kanisa. Mbao za paa zilipakwa dawa ya mchwa, kuta zikapakwa rangi, sakafu ikawekwa vigae. Kazi ilipokwisha zilibaki ndoo nyingi, imara, zenye mifuniko. Tukafurahi. Tukazisuuza, tukavikwangua vibandiko ili zipendeze, na Jumapili baada ya Misa tukazigawa kwa wajane na wazee, kwaya ikiimba na akina mama wakipiga vigelegele. Tulidhani tumetenda tendo la huruma. Kwa kweli tulikuwa tumezihamishia takataka zetu katika nyumba za wanyonge, tena kwa nderemo.

Baada ya siku mbili mama mmoja mzee alikuja ofisini na ndoo yake. Alisimama mlangoni, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Samahani, maji ya ndoo hii yananuka dawa. Ilikuwa na nini?" Hatukujua. Badala ya kukiri kwamba hatujui, tulimjibu kwa haraka, maana tulikuwa tunakwenda kwenye kikao: "Mama, isugue kwa mchanga na sabuni, harufu itakwisha." Alishukuru, akaondoka nayo.

Jioni ile, katika mazungumzo tu, fundi aliyesimamia paa alitwambia kwamba tatu kati ya ndoo zile zilikuwa za dawa ya mchwa. Zipi? Hakuna aliyeweza kujua, kwa sababu vibandiko tulikuwa tumevikwangua sisi wenyewe. Usiku ule na kesho yake tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiomba zawadi zetu tuzirudishiwe. Tulipofika kwa mama yule tulikuta ndoo imesuguliwa hasa, imejaa maji ya kunywa, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na wajukuu walioyanywa jana, Padre?"

Hatukuwa na jibu. Twamshukuru Mungu kwamba watoto wale hawakuonyesha dalili za ugonjwa. Lakini usalama wao haukutokana na uangalifu wetu. Wote tuliowapa ndoo zile tuliwanunulia mpya za dukani. Hiyo haikuwa sadaka, lilikuwa deni.

3. Neno la Mungu linatuhukumu

Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mwanzoni mwa sura hiyo yupo mjane ambaye mdai wake anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha anamwagiza aazime vyombo vitupu kwa majirani, tena visiwe vichache. Mafuta machache aliyo nayo yanavijaza vyote, anayauza, analipa deni, watoto wanapona. Vyombo vitupu vya majirani ndivyo vilivyookoa nyumba ya maskini.

Endeleeni kusoma hadi aya ya 38. Kuna njaa nchini. Mtu mmoja anakwenda kondeni, anachuma matango ya porini asiyoyajua, anayakatia katika chungu cha wote. Walipoanza kula walipaza sauti kwamba chunguni mna mauti. Ni sura ile ile, nabii yule yule. Chombo kimoja kinaleta uzima na kingine kinaleta mauti, na tofauti yake ni kile kilichomo ndani.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, yule aliyeweka mauti chunguni hakuwa mtu mwovu. Alitaka kuwalisha wenzake wakati wa njaa, ila hakujua alichokichuma. Nia njema haikuiondoa sumu. Pili, walaji walipolalamika, Elisha hakuwaambia washukuru kwa walichopewa, wala hakuwaambia wazoee. Aliagiza unga, akakishughulikia chungu mara moja, hata pasiwe na kitu kibaya ndani yake. Sisi mama yule alipolalamika tulimwambia akasugue.

4. Visingizio

Wapo wasemao kwamba ndoo ikioshwa vizuri inatosha. Haitoshi. Plastiki si kama sufuria ya chuma. Kemikali nyingi, hasa zenye asili ya mafuta, hupenya katika ukuta wa ndoo na kukaa humo, kisha hutoka polepole na kuingia katika kile kitakachowekwa baadaye. Sabuni na mchanga huondoa kilicho juu tu, na mchanga huongeza mikwaruzo ambamo uchafu hujificha. Harufu ikiisha, huo si ushahidi kwamba sumu imekwisha. Na ile namba iliyo katika pembetatu chini ya kitako, aghalabu 2 au 5 kwa ndoo, hueleza aina ya plastiki tu; haielezi ndoo ilibeba nini.

Wengine husema, "Tumetumia miaka yote, na hatujafa." Sumu haiui daima kwa siku moja. Baadhi ya rangi, hasa za mafuta, zimekuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya. Mtoto akishindwa shuleni tunamwita mzito wa kichwa, wala hatuulizi alikunywa maji kutoka chombo gani.

Hapa hata lugha yetu imetusaliti. Sumu ya wadudu tunaiita dawa. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola na mkulima wa nyanya wa Ilula wote husema wanakwenda kupiga dawa. Neno hilo hilo tunalitumia kwa kidonge anachopewa mgonjwa. Mtu atakiogopaje chombo cha dawa? Tunaomba kuanzia sasa, katika mahubiri, mikutano na mafundisho yetu, tuseme sumu pale ilipo sumu.

Kisingizio cha tatu ndicho kinachotukera zaidi: kwamba maskini hana uwezo wa kununua ndoo mpya, hivyo afadhali hiyo kuliko kukosa. Maneno haya husemwa na watu ambao nyumbani kwao maji hutoka bombani. Umaskini wa mtu haumpunguzii haki ya kujua anachokunywa. Kwa hakika humwongezea, kwa kuwa hana njia ya kukimbilia akiugua. Atakayebeba kilo 20 za maji kichwani kutoka kisimani asibebeshwe pia siri ya mwenye kiwanda, mwenye shamba na mwenye duka.

Na wako pia wanaosema basi ndoo kuukuu zote zipigwe marufuku, kama mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku nchini mwetu tarehe 1 Juni 2019. La hasha! Mfuko ule ulidumu saa moja, kisha ukaziba mtaro. Ndoo hudumu miaka. Kuiondoa ndoo ya maskini kwa sababu mwingine aliichafua ni kumwadhibu aliyekosewa.

5. Nani awajibike?

Kiuatilifu kingi hutoka kiwandani kikiwa katika chombo kizuri, imara, chenye mpini na mfuniko. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwaka 1985 Kanuni za Maadili kuhusu viuatilifu, zilizofanyiwa marekebisho hadi mwaka 2013. Kanuni hizo zinawataka watengenezaji watumie vyombo visivyovutia kutumiwa tena. Tunawauliza: mbona vyenu vinavutia? Majirani zetu wa Kenya, katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, wameweka kanuni kwamba mzalishaji anawajibika kwa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Hilo ndilo tunalolidai: aliyepata faida kwa kuuza sumu akipokee tena chombo chake.

Kwa wenye mashamba makubwa na makandarasi tunasema hivi: kumpa kibarua ndoo tupu ya kemikali kama zawadi ya mwisho wa msimu ni kumlipa kwa sumu. Mpeni ujira wake kamili, naye atanunua ndoo anayoitaka. Kwa wenye maduka ya pembejeo: ninyi mnamfahamu kila mkulima kwa jina, wekeni mahali pa kurudishia vyombo. Kwa wachuuzi wa ndoo: kukwangua kibandiko ni kusema uongo bila kufungua kinywa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2020, pamoja na halmashauri zetu, tunaziomba ziyafikishe makusanyo ya vyombo hivi hadi vijijini, si kuishia mijini.

Nasi wa Kanisa? Shule, zahanati, mashamba na majengo ya parokia hutoa ndoo nyingi kila mwaka. Kanuni yetu iwe moja: zawadi isiyo na ukweli si zawadi.

6. Tutende nini nyumbani na bustanini

Ndoo iliyobeba chakula, kama mafuta ya kupikia, asali au unga, ndiyo pekee itekewe maji ya kunywa. Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe, ifunikwe. Afadhali zaidi iwekewe koki, ili watu wasichovye vikombe na mikono. Tunakumbuka ndoo zenye koki zilizosimama katika milango ya makanisa yetu mwaka 2020. Nyingi sasa zimegeuzwa kifudifudi nyuma ya sakristia. Zitolewe, zirudi kazini: kipindupindu na kuhara havikuondoka.

Ndoo ya rangi, gundi au kemikali nyingine za ujenzi ibebe mchanga, majivu, kokoto au vifaa vya fundi. Yaweza kuotesha maua. Isioteshe mboga, isinyweshe mifugo, isipimie nafaka.

Chombo cha kiuatilifu kisifike nyumbani kabisa. Kikiisha kisuuzwe mara tatu palepale shambani, na maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia, si mtoni. Kisha kitobolewe, ili hata mwenye tamaa asiweze kukitumia, na kirudishwe dukani au kwenye kituo cha makusanyo. Kama hakuna, kifungiwe mbali na watoto na chakula, na bwana shamba ajulishwe. Kisichomwe, maana moshi wake huingia mapafuni mwa jirani. Kwenye vibandiko vya viuatilifu kuna mstari wa rangi: nyekundu ndiyo sumu kali kuliko zote, kisha njano, buluu na kijani. Kijani hakina maana ya "weka maji".

Ndoo ambayo hakuna ajuaye ilibeba nini ihesabiwe kuwa ya kemikali. Shaka isimwangukie mtoto.

Hata ndoo safi yaweza kudhuru. Mtoto anayeanza kutambaa aweza kuzama katika ndoo yenye maji kidogo, kwa kuwa kichwa chake ni kizito naye hawezi kujiinua. Ndoo iliyoachwa wazi kwenye mvua huzalisha mbu waenezao dengue, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Mayai yao hunata ukutani mwa ndoo na kuvumilia ukavu kwa miezi, hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ukuta wa ndani usuguliwe. Ndoo ya bustani nayo ikae kivulini kadiri iwezekanavyo, kwa sababu jua huifanya plastiki iwe dhaifu ikavunjikia udongoni vipandevipande.

7. Maswali kwa jumuiya

Tunawaomba viongozi muyasome maswali haya katika mkutano wa jumuiya wa juma lijalo, nyumbani kwa mwanajumuiya, si kanisani, ili ndoo zenyewe ziwe mbele ya macho yenu.

Katika nyumba hii, kila ndoo ilibeba nini kabla ya kufika hapa? Ni nani aliyetuambia?

Je, WAWATA, UWAKA na VIWAWA wa parokia yetu wanaweza kukubaliana juu ya alama moja, inayoeleweka hata na asiyejua kusoma, ya kutofautisha ndoo ya maji na ndoo isiyofaa kwa maji?

Ni duka gani la pembejeo katika kata yetu linalopokea vyombo vitupu? Kama hakuna, nani atakwenda kuzungumza na mwenye duka, na lini?

Je, tumewahi kumpa mtu kitu ambacho sisi wenyewe tusingekubali watoto wetu wakitumie?

Wapendwa, Bwana wetu aliahidi kwamba hatakosa thawabu yule atakayempa mmojawapo wa wadogo walau kikombe cha maji ya baridi. Ahadi hiyo inatudai tukichunguze kwanza chombo. Mama yule mzee bado anatekea maji katika ndoo mpya, na kila tunapokutana naye anatusalimu kwa furaha, kana kwamba hatukumkosea. Amekwisha kutusamehe. Swali lake lingali linatudai jibu, nasi tumeona ni haki tuwakabidhi nanyi pia.